Kweli au Uongo: Hadithi za Geji kwenye Dashibodi ya Gari la Spoti la Zamani

Kama umewahi kusimama karibu na MGB iliyofunguliwa boneti, hadithi hizi umezisikia. Mmoja anasema geji za kampuni ya Smiths ni za kutupa. Mwingine anaapa kwamba geji ya ampea ndiyo pekee isiyodanganya. Wa tatu, mara nyingi mzee kuliko wote, anasikiliza kwanza, halafu anasema ni kebo tu, ipake grisi. Wote wanaongea kwa uhakika ule ule, na mwenye gari anaondoka na orodha ya vipuri vya kuagiza kabla hajajua kilichoharibika.

Tuzichukue moja moja. Shahidi wetu mkuu ni MGB yenyewe, iliyotengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Zilitoka zaidi ya nusu milioni, kwa hiyo tabia zake mafundi wanazijua vizuri. Jaguar E-Type na Datsun 240Z tutaziita zikiwa na la kusema. Msimamo wangu nautoa mapema: geji hizi zinastahili heshima, nyingi bado zinafanya kazi baada ya miaka 50 na zaidi, na anayetaka kuboresha dashibodi aanze kwa kupima, kununua kufuate.

“Geji ikisoma vibaya imekufa, nunua nyingine.”

Uongo, na huu ndio unaowala watu fedha nyingi kuliko wote.

Geji ya mafuta ya Smiths, kwa MGB za tangu katikati ya miaka ya 1960, ina ukanda wa metali mbili uliozungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita, waya unapata moto, ukanda unajipinda, mshale unasogea. Ndiyo maana ukiwasha swichi mshale hupanda taratibu, na haurukiruki gari likipita kwenye makorongo. Humo ndani hakuna vitu vingi vya kuharibika. Lakini geji haifanyi kazi peke yake. Kabla yake kuna kidhibiti volti, kikopo kidogo kinachokata na kurudisha umeme wa betri ili wastani wake uwe volti 10. Baada yake kuna waya mrefu hadi nyuma ya gari, halafu floti, halafu ethi ya tangi. Kimojawapo kikilegea, lawama inaiangukia geji kwa sababu ndiyo inayoonekana.

Pima hivi. Chomoa waya wa floti kwenye kiungio kilicho mbali na tangi. Swichi ikiwa imewashwa, mshale unatakiwa ubaki chini kabisa, kwenye E. Sasa gusisha waya huo kwenye bodi kwa muda mfupi: mshale unatakiwa uanze kupanda kuelekea F. Ukifanya hivyo, geji na waya wake ni vizima, katafute kosa kwenye floti au ethi ya tangi. Usiuache waya ukigusa bodi muda mrefu, maana geji inapitisha umeme mwingi kuliko ilivyopangiwa. Na kama kuna harufu ya petroli, jaribio hili liache kabisa mpaka uvujaji uzibwe, kwa sababu cheche moja inatosha.

Kuna dalili nyingine ya kukariri. Kwenye gari ambalo geji ya mafuta na geji ya joto zinalishwa na kidhibiti kimoja, zote mbili zikianza kusoma juu kwa pamoja, mtuhumiwa ni kidhibiti, na mara nyingi kosa lake ni kupoteza ethi tu. Bila ethi hakikati umeme tena. Joto la waya hufuata mraba wa volti, kwa hiyo geji iliyopangiwa volti 10 ikipewa 13.8 inapashwa karibu mara mbili. Dereva anaona injini inachemka, anabadilisha themostati, kisha anahangaikia rediata, kumbe chanzo ni skrubu moja yenye kutu nyuma ya dashibodi.

Hapo kuna uboreshaji ninaoupenda bila masharti: kidhibiti cha kielektroniki chenye umbo lile lile la zamani. Ni cha bei ndogo, hakionekani, na kinashikilia volti 10 bila kuyumba. Usitarajie muujiza tu. Kile cha zamani kikiwa kizima, geji ni nzito kiasi kwamba haijali kukatwakatwa kwa umeme.

“Umeme wa Lucas ni laana, ng’oa wote.”

Uongo kwa sehemu kubwa. Utani kuhusu Lucas, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari, umezunguka dunia nzima, hadi Waingereza wenyewe wakaiita kampuni hiyo Mwana wa Mfalme wa Giza. Kuna ukweli kidogo ndani yake: MGB za mwanzo zilikuwa na fyuzi mbili tu zinazofanya kazi, na mizunguko kadhaa haikulindwa na fyuzi yoyote. Hapo kuongeza fyuzi ni akili. Lakini fungua dashibodi ya gari linalolalamikiwa na utakuta kutu kwenye viungio, waya zilizokatwa na kufungwa tepu na mafundi watano tofauti, na ethi inayopitia kwenye kibano kilichopakwa rangi. Geji nyingi za wakati ule hupata ethi kupitia ganda lake. Dashibodi ikipakwa rangi upya na geji kurudishwa bila kukwangua mahali pa kugusana, mishale itayumba na taa zitafifia. Unganisha waya mmoja wa ethi kutoka geji hadi geji, uumalizie kwenye bodi iliyosafishwa, na nusu ya laana itaondoka mchana huo huo.

“Mshale wa spidi ukichezacheza, kosa ni la kebo.”

Kweli. Mzee aliyesikiliza kwanza alikuwa sahihi.

Kipimamwendo cha aina hii kinafuata ubunifu wa Otto Schulze wa Strasbourg, aliyeusajili mwaka 1902. Kebo kutoka gia boksi inazungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini. Sumaku na kikombe havigusani. Sumaku ikizunguka inazalisha umeme ndani ya alumini, umeme huo unakivuta kikombe kifuate mzunguko, na springi nyembamba kama unywele inakizuia. Mahali nguvu hizo mbili zinapolingana ndipo mshale unaposimama. Kebo kavu, au iliyokunjwa kona kali, haizunguki kwa ulaini: inajisokota, inakwama, kisha inafyatuka. Mshale unafuata kila mfyatuko huo.

Ila namna ya kupaka grisi ina adabu yake. Chomoa waya wa ndani, upake grisi nyepesi kiasi, na uache sentimita 20 za juu, upande wa geji, zikiwa kavu. Maelekezo hayo yamo kwenye kitabu cha MGB na yana sababu. Waya unapozunguka hupandisha grisi juu. Grisi ikiingia kwenye geji inajaa kati ya sumaku na kikombe, viwili ambavyo havikupaswa kugusana vinashikana, na mshale unaruka kwenye spidi ambayo gari halijawahi kuiota. Geji ya namna hiyo ipelekwe kwa fundi wa vipimo ikasafishwe. Kuipulizia mafuta ya kopo kunaiharibu zaidi.

“Badilisha sura ya maili kwa sura ya kilomita, kazi imekwisha.”

Kweli nusu, na nusu ya uongo ndiyo ya hatari.

Mshale utasoma sawa sura mpya ikiwa imechorwa kwa hesabu sahihi, kwa sababu maili moja ni kilomita 1.609 popote uendapo. Tatizo liko kwenye kaunta ya umbali. Inaendeshwa na meno ya gia ndani ya geji, na meno hayajui kwamba umebandika karatasi mpya mbele yake. Yataendelea kuhesabu maili. Ukifanya sevisi kila “kilomita” 5,000 za kaunta hiyo, injini imetembea zaidi ya 8,000.

Kuna jambo kubwa zaidi. Tazama sura ya geji ya Smiths, chini, kwenye herufi ndogo. Mbali na namba ya kipuri utakuta tarakimu kama 1000 au 1280. Hiyo ni idadi ya mizunguko ya kebo kwa kila maili, na geji inasema kweli kwenye gari lenye gia boksi, difu na matairi yanayotoa idadi hiyo tu. Siku hizi wenye MGB wengi wanaweka gia boksi ya gia tano, kwa mfano Type 9 ya Ford, na wengi zaidi wameweka matairi ya kipimo tofauti. Kila badiliko la namna hiyo linagusa hesabu.

Jipimie mwenyewe. Fungua kebo kwenye geji, bandika kipande cha tepu kwenye ncha yake kama bendera, na pima kwa chaki mita 16.09 kwenye sakafu iliyonyooka. Hiyo ni sehemu moja ya mia ya maili. Weka gia boksi nyutro, mtu mmoja asukume gari polepole, mwingine ahesabu mizunguko ya tepu. Zidisha kwa 100. Tuseme geji imeandikwa 1280 na umehesabu mizunguko 12. Gari lako linatoa 1200, kwa hiyo kipimamwendo kinasoma chini kwa asilimia 6 hivi: ukienda maili 60 kwa saa kinakuonyesha 56. Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa, inayotumiwa na nchi nyingi, inataka kipimamwendo kisionyeshe kamwe chini ya mwendo halisi, ingawa juu kidogo kinaruhusiwa. Maana yake ni kwamba geji yako, hata ikiwa nzima kabisa, imekosea upande mbaya.

Suluhisho ni kumpa fundi wa vipimo namba uliyoipata airekebishe geji, au kufunga kati ya gia boksi na kebo kisanduku kidogo cha gia kinachorudisha uwiano.

“Kipimamwendo cha GPS ndilo jibu la yote.”

Kweli nusu. Kinajua mwendo wako bila kujali tairi wala difu, na kwa gari lililobadilishwa gia boksi kinaondoa hesabu zote hizo. Lakini kinahitaji kuona anga. Ndani ya handaki au gereji ya chini ya ardhi mwendo unapotea au unakadiriwa, na asubuhi ukiwasha gari kinachukua muda kabla ya kupata satelaiti. Unanunua usahihi, unakubali utegemezi. Kwa anayetembea masafa marefu kwenye barabara wazi, nakiunga mkono.

“Geji yoyote ya mafuta itasoma floti yoyote.”

Uongo mtupu. Floti inabadilisha kiwango cha petroli kuwa ukinzani wa umeme, na kila ukoo una lugha yake. Geji nyingi za Marekani za kufunga baadaye, zinazofuata kipimo cha Stewart-Warner, zinataka omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa. Magari ya GM ya miaka ya 1960 na 1970 mengi yalitumia 0 kwa tupu na 90 kwa kujaa. Ford walikuwa na 73 kwa tupu na 10 kwa kujaa. VDO wa Ujerumani wana 10 kwa tupu na 180 kwa kujaa.

Angalia mwelekeo. Kwa Ford ukinzani unashuka tangi linapojaa, kwa VDO unapanda. Ukichanganya hizo mbili, geji itasoma kinyumenyume: tangi tupu italiita limejaa. Kabla ya kulipia geji mpya yenye sura nzuri, chukua mita ya umeme, ipime floti yako juu na chini, andika namba mbili, halafu ndipo uagize.

“Geji ya ampea ndiyo ya wanaume, voltimita ni pambo.”

Uongo, na kwa gari lililoongezewa alteneta kubwa ni uongo unaoweza kuwasha moto.

Geji ya ampea ilikuwa na maana yake enzi za dainamo. Dainamo ya Lucas C40, iliyokuwa kwenye MGB za mwanzo, ilitoa ampea 22 tu. Ukiwasha taa, feni na waipa usiku, betri ilikuwa inachangia, na dereva alihitaji kujua. Ili ipime, geji hiyo lazima umeme wenyewe upite ndani yake, au kwenye waya mzito ulio nyuma yake. Yaani umeme wa karibu gari zima unaletwa hadi kwenye dashibodi na kurudishwa.

Sasa weka alteneta ya kisasa, taa kubwa zaidi na feni ya umeme ya rediata. Chukua nati moja iliyolegea nyuma ya geji, yenye ukinzani wa omu 0.05 tu, kiasi ambacho mita ya bei nafuu haiwezi hata kukiona. Pitisha ampea 40. Joto linalozaliwa hapo ni wati 80, zaidi ya taa kubwa ya mbele ya gari, kwenye nafasi ndogo kama ukucha, katikati ya waya zenye plastiki ya miaka 50. Jaguar wenyewe walihama: E-Type za mwanzo zilikuwa na geji ya ampea, zile za Series 2 zikapewa kipimo cha hali ya betri kwa volti.

Voltimita inakula waya mwembamba wenye fyuzi ndogo, na inakuambia zaidi. Betri iliyopumzika na kujaa iko karibu 12.6. Injini ikiwaka, kati ya 13.8 na 14.4 ni afya. Ikibaki chini ya 13 unapoendesha, alteneta haichaji. Ikipita 15, kidhibiti cha alteneta kimekufa na betri inachemshwa. Mwenye 240Z, ambayo ilitoka kiwandani na geji ya ampea, akitaka kuibakisha kwa ajili ya sura, angalau akaze na kusafisha viungio vyake na aulinde waya huo mkuu.

“Taa za LED ni bora kila mahali.”

Uongo. Nyuma ya sura za geji zinafaa: hazipashi joto plastiki na hazili umeme. Ujue tu kwamba kizungusho cha zamani cha kupunguza mwanga kinaweza kisizipunguze, na kwamba LED ina upande wa chanya na hasi, kwa hiyo kwenye gari la ethi chanya lazima ununue inayofaa.

Mahali pasipofaa ni taa ya chaji. Ile balbu nyekundu ya wati 2.2 ni sehemu ya alteneta. Umeme mdogo unaopita ndani yake, chini kidogo ya ampea 0.2, ndio unaoamsha alteneta unapowasha gari. Weka LED, umeme huo unakauka, na alteneta inaweza kulala mpaka uipandishe sana mizunguko, au isichaji kabisa. Iache balbu ya kawaida hapo. Taa za kuonyesha kona nazo zina la kwao: kimulimuli cha zamani kinategemea umeme unaovutwa na balbu mbili za wati 21, na kikipewa LED kinaganda.

“Ukifunga kifaa cha kielektroniki badala ya platini, takomita itachanganyikiwa.”

Kweli, kwa magari ya miaka fulani. Nyingine hazijali.

Takomita za Smiths zilizoandikwa RVI kwenye sura zinahesabu mapigo ya umeme unaokwenda kwenye koili. Waya mweupe wa koili unapita ndani au nyuma ya geji kama kitanzi, na kila platini zinapofunguka geji inahisi pigo. Vifaa vya kielektroniki vinabadilisha umbo na urefu wa pigo hilo, na geji iliyozoea platini inaruka, inasoma nusu, au inalala. Datsun 240Z ina takomita yenye tabia hiyo hiyo. MGB za baadaye, zenye herufi RVC, zinasoma volti kutoka upande wa pili wa koili na kwa kawaida hazina shida.

Dawa si kununua takomita mpya ya plastiki. Wapo mafundi wanaotoa mzunguko wa ndani wa RVI na kuweka wa kisasa, huku ganda, mshale, sura na kioo vikibaki vile vile. Huo kwangu ndio uboreshaji wa hali ya juu kabisa kwenye dashibodi ya zamani: jicho halioni chochote kipya, na mshale unasema kweli.

“Ukigeuza ethi kutoka chanya kwenda hasi, geji zote zitaungua.”

Uongo. MGB zilikuwa za ethi chanya hadi Mk II ilipokuja mwishoni mwa 1967, na wengi wanazigeuza ili wafunge redio au alteneta. Geji ya ukanda wa metali mbili haijali umeme unatoka upande gani, kwa sababu waya unapata moto ule ule. Kipimamwendo hakina umeme isipokuwa taa yake. Geji ya ampea itasoma kinyume tu, badilisha waya zake mbili. Ya kulindwa ni takomita ya umeme. Hiyo ina transista ndani, na ikiunganishwa kinyume inaweza kufa papo hapo. Ipelekwe ibadilishwe ndani kabla ya betri kugeuzwa.

“Kadiri oil inavyosoma juu, ndivyo injini ilivyo nzima.”

Uongo. Geji inapima jinsi oil inavyozuiwa kupita. Asubuhi, oil ikiwa nzito na baridi, itasoma juu hata kwenye injini iliyochoka. Kitabu cha MGB kinatoa paundi 50 hadi 80 kwa inchi ya mraba kwa mwendo wa kawaida, na 10 hadi 25 injini ikiunguruma bila kukanyagwa, ikiwa moto. Anayeweka oil nzito zaidi ili mshale upande amebadilisha picha tu, beringi zimebaki vile vile.

Wazee wanasema pia kwamba geji ya oil ya mrija inaaminika kuliko ya umeme. Hapo nawapa haki yao. Mrija unaleta shinikizo lenyewe hadi kwenye bomba lililopinda ndani ya geji, ubunifu ambao Eugène Bourdon aliusajili Paris mwaka 1849, na mshale unajibu papo hapo. Sharti lake ni mrija wenyewe. Ule wa mpira uliokauka na kupasuka unamwaga oil ya moto, na injini inaweza kubaki bila oil kabla hujasimama. Kwa MGB ya miaka 50, mrija mpya uje kabla ya mapambo yoyote.

“Mrija wa geji ya joto ukikatika, geji ni ya kutupa.”

Uongo. Ndani ya mrija ule mwembamba wa shaba kuna etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Mvuke wake ndio unaosukuma mshale. Ukikatika, etha inatoroka na mshale unalala, lakini fundi wa vipimo anaweza kuunganisha mrija mpya na kuujaza tena. Usijaribu nyumbani, maana etha inawaka kwa urahisi wa kutisha.

Kupima unaweza. Tumbukiza kidole cha geji kwenye sufuria ya maji yanayochemka na usome. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam atarajie 100, yaani 212 kwenye geji ya Farenhaiti. Wa Nairobi asiilaumu geji ikimwonyesha pungufu: kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi maji huchemka karibu na nyuzi 94, ambayo ni kama 201 za Farenhaiti.

“Baadhi ya geji za zamani zina mionzi.”

Kweli. MGB isikutie hofu, lakini geji za miaka ya 1930 na 1940, hasa zilizotoka kwenye ndege na magari ya jeshi, ambazo wengine huzifunga kwenye magari ya mbio ya kale, zilipakwa rangi ya rediamu ili zing’ae gizani. Kwamba haing’ai tena si ushahidi wa usalama. Kilichochoka ni kemikali inayotoa mwanga. Rediamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Usifungue kioo, usikwangue sura, usipulize vumbi.

“Zungusha geji mpaka mishale yote isimame wima.”

Kweli, na ni busara safi ya watu wa mbio. Geji inalegezwa na kugeuzwa kwenye tundu lake ili mshale uelekee juu kila kitu kikiwa sawa, na kwenye takomita mstari mwekundu uwe juu kabisa. Dereva hasomi namba, anaona tu mshale mmoja ulioinama. Fikiria Safari Rally ya Afrika Mashariki, ambayo Datsun 240Z iliishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta: vumbi, matope, usiku, mikono yote kwenye usukani. Hapo nafasi ya kusoma tarakimu ndogo haipo. Uboreshaji huu haugharimu shilingi moja, na unarudishwa ulivyokuwa kwa dakika chache.

“Ukibadilisha geji umeua thamani ya gari.”

Kweli nusu, inategemea unachofanya na zile za zamani. Kinachoumiza thamani ni dashibodi iliyokatwa matundu mapya, kwa sababu bati halirudi. Geji iliyotolewa vizuri na kuhifadhiwa ni sehemu ya gari, na mnunuzi mjuzi ataiulizia kwanza. Wala si lazima uache ukoo: geji mpya za Smiths zenye sura za kale bado zinatengenezwa Wales na Caerbont Automotive Instruments, kwa matundu ya vipimo vile vile.

La mwisho ni kaunta ya umbali, na hapa sina mzaha. Kipimamwendo kipya kinaanza na namba yake. Marekani, sheria iliyotokana na ile ya 1972 inasema kaunta iliyotengenezwa au kubadilishwa, ikiwa haiwezi kurudishwa kwenye umbali ule ule, iwekwe sifuri na karatasi ibandikwe kwenye fremu ya mlango wa kushoto ikitaja umbali wa zamani na tarehe. Popote gari lako lilipo, siku ya kufungua geji piga picha ya namba zilizopo, ziandike pamoja na tarehe, na uiweke karatasi hiyo kwenye faili moja na kadi ya gari.